Siku Ziwa Lilipofungwa na Magugu

Ng'ambo ya Kisumu,
Ufukweni.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Nakuamkia kutoka huku mbali, na nawaamkia wote walioketi nawe jikoni barua hii inaposomwa. Goti lako linaendeleaje? Wawuda aliniandikia kwamba siku hizi ukipanda kwenda kanisani unapumzika kila kona, na kwamba hutaki kushikwa mkono na mtu. Ng'ombe alizaa salama? Ukungu bado unashuka mpaka mlangoni asubuhi? Huku ukungu hatuujui, Mama. Huku tuna joto, mbu na matope.

Wawuda dada yangu, wewe unayesoma: soma polepole, na Mama aketi kwanza. Kama kuna wageni, ngoja waondoke.

Mama, najua umekuwa ukingoja habari za mtoto. Umehesabu miezi ukaona imepita, na kwetu kimya. Kimya kile hakikuwa cha uvivu. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini. Leo nimesema nitaandika tu, hata mwandiko ukiwa mbaya, maana si haki wewe uendelee kuuliza watu wa posta kila Ijumaa. Ni hivi, Mama. Mtoto alizaliwa, na hakuishi. Alikuwa mvulana. Mke wangu Mghoi yu hai. Mshukuru Mungu kwanza kwa hilo, kisha ulie. Sisi, kusema kweli, tulianza kwa kulia.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa, maana najua ukiambiwa nusu utalala macho ukitafuta nusu nyingine.

Niliwahi kukuandikia juu ya mmea ulioingia ziwani, wenye majani manene na maua ya zambarau. Huku tunauita magugu maji. Ulipoanza kuonekana watoto waliyachuma maua wakavalia shingoni, na Wakesho wetu naye akaniletea moja niliweke mezani. Baadaye yalizidi. Upepo ukivuma kutoka upande mmoja, unaamka unakuta ziwa halipo, mbele yako ni kama uwanja wa majani mpaka macho yanapoishia. Ndama wa jirani yetu alidhani ni malisho, akatembea juu yake, akazama tukimwangalia. Wavuvi wakakosa pa kupitisha mitumbwi. Nyavu zikitupwa zinanasa mizizi tu. Na mahali ambapo samaki ndiye ada ya shule, ndiye dawa, ndiye unga, samaki akikosekana kila kitu kinakosekana.

Watu wakaja kanisani kuliko zamani. Wakaniambia, Mwalimu, maana ndivyo wanavyomwita mwinjilisti huku, tuombee. Tukaomba na kufunga. Mimi nikahubiri kwamba upepo na maji vina mwenyewe, na mwenyewe akisema neno moja vinanyamaza. Nilihubiri kwa nguvu, Mama. Ungekuwepo ungesema nimefanana na Baba.

Yuko mzee mmoja hapa anaitwa Owuor. Ana mashua ya injini, na kanisani haingii ila kwa mazishi. Siku zile alikuwa akinitania kila tukikutana: "Mwalimu, hebu ambia Bosi wako hatukuomba mboga. Sisi tuliomba samaki." Nami nacheka, namwambia njoo Jumapili umwambie mwenyewe. Ndivyo tulivyokuwa, mimi na yeye.

Mpango wetu na Mghoi ulikuwa mzuri. Mimba hii ilimsumbua tangu mwanzo, kwa hiyo tulikubaliana aende Kisumu mapema, akae Obunga kwa Mama Atieno, mjane mmoja wa kanisa letu, ili uchungu ukianza awe karibu na hospitali. Tulikuwa tumeshafunga nguo. Ile mbeleko uliyotuma ilikuwa juu kabisa ya mzigo, kwa sababu alipenda kuiangalia.

Uchungu ukaja kabla ya safari. Ulianza alfajiri, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Udongo wa huku ni mweusi, Mama, mvua ikipiga unakuwa kama gundi. Hakuna gari lililopita barabara yetu siku hizo, hata trekta lilikuwa limekwama karibu na shule. Nikamwita Mama Penina, mkunga wetu, mama mzima aliyezalisha nusu ya kijiji hiki. Akampapasa Mghoi tumbo, akatoka nje kunitafuta, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mtoto amelala vibaya. Hii si kazi ya mikono yangu. Mpeleke Kisumu, na mimi naenda na nyinyi."

Nikakimbia kwa Owuor. Hakuuliza kitu. Alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini, akachukua mtungi wa mafuta. Asubuhi ile ziwa lilikuwa wazi upande wetu, nikasema moyoni, unaona, Bwana ametengeneza njia. Tukamlaza Mghoi juu ya magunia chini ya turubai. Wakesho tulimwacha kwa jirani. Alisimama ufukweni akitupungia mkono akidhani tunakwenda kununua mtoto Kibuye, sokoni, maana ndivyo alivyoambiwa na wenzake.

Tulikwenda vizuri mpaka tukaanza kuona majengo ya Kisumu. Niliona kabisa mabati yakimetameta. Ndipo Owuor akapunguza mwendo. Akasimama, akatazama mbele, akageuka nyuma.

"Mwalimu," akasema, "imetuzunguka."

Magugu yalikuwa mbele yetu kama ukuta uliolala, na nyuma tulikotoka yalikuwa yanajifunga taratibu, bila kelele, kama mtu anayefunga mlango ili asiamshe mtoto. Owuor akajaribu kupenya. Injini ikanguruma, ikameza mizizi, ikazima. Akaikata mizizi kwa panga, akawasha, ikazima tena. Mara ya mwisho ilitoa moshi na haikuwaka.

Mghoi alikuwa anauma upindo wa leso asipige kelele. Mama Penina akanitazama, Owuor akanitazama. Owuor hakutania siku hiyo. Alisema, "Mwalimu, omba sasa. Omba upepo. Upepo ikitoka huku kidogo tu, hii kitu itafunguka."

Nikasimama mashuani, Mama, nikaomba. Sikuwahi kuomba vile maishani mwangu. Niliita kwa sauti mpaka koo likauma. Na upepo ukaja. Tuliusikia shingoni. Mama Penina akapiga kelele ya furaha kwa Kiluo, akimtaja Nyasaye, yaani Mungu. Kumbe upepo unatoka upande mbaya. Ukasukuma magugu mengine yote yakaja kutubana, mpaka mbao za mashua zikalia.

Nikakaa chini.

Owuor akavua shati lake, akalifunga kwenye kasia, akaanza kulipunga huku akipiga mbinja. Alipunga muda mrefu sana. Akichoka mkono huu anabadili. Hatimaye tukaona watu upande wa Kisumu, wadogo kama siafu. Walikuwa wavuvi waliokaa tu ufukweni kwa kukosa kazi. Wakashusha mitumbwi miwili. Mitumbwi ilipokwama wakashuka wenyewe ndani ya magugu, maji kifuani, mapanga mikononi, wakakata na kusukuma, kukata na kusukuma. Mama, magugu yale yana nyoka. Yana konokono wenye ugonjwa. Kila mtu wa huku anajua. Walikuwa wanaume wengi, na sikumfahamu hata mmoja. Walikuwa wakiitana kwa sauti ili wasipotezane, na wa mbele alikuwa na kamba kiunoni.

Walikuwa bado mbali mtoto alipozaliwa.

Mama Penina alifanya yote anayoyajua. Alimsafisha pua na mdomo, akampulizia, akamsugua mgongo, akamshika miguu akamgeuza. Tulingoja alie. Hata Owuor aligeuka akaacha kupunga shati. Hakulia. Mama Penina akamfunika na ile mbeleko, akampa Mghoi amshike, akasema tu, "Mos, nyathina. Mos." Maana yake, pole, mwanangu, pole.

Ulikuwa ni uso wa Baba, Mama. Ule mkunjo katikati ya nyusi. Nilitaka ujue.

Damu ya Mghoi haikukatika. Wale wanaume walipotufikia wakafunga kamba kwenye mashua, na kuelekea Kisumu tulivutwa kwa mikono katika ule mfereji waliokuwa wameukata, nao unajifunga, wanaukata tena. Tukafika nchi kavu jua limeshaanza kuinama. Mhindi mmoja alikuwa pale na pikapu, amekuja kutazama mashua yake iliyokwama. Hakungoja kuombwa. Alitupa nje mabomba yaliyokuwa nyuma ya gari, akatupeleka hospitali akipiga honi njia nzima.

Hospitalini wakasema anahitaji damu upesi, je, nina ndugu zake hapa? Nikasema ndugu zake wako Taita, safari ya siku mbili. Wakanipima mimi, damu yangu haikulingana na yake. Nikasimama pale koridoni, mtoto mikononi, na nikafikiri, sasa ndiyo mwisho, nitampoteza na mama yake. Nikasikia miguu. Alikuwa Owuor, na nyuma yake wale wavuvi, wametembea kwa miguu kutoka ziwani, bado wamelowa, harufu ya magugu imejaa koridoni mpaka nesi akalalamika. Owuor akakunja mkono wa shati.

"Pima sisi wote," akasema. "Haiwezi kukosa."

Haikukosa. Ya Owuor ililingana, na ya kijana aliyekuwa na kamba kiunoni. Kwa hiyo ujue, Mama, mkweo anatembea leo na damu ya watu ambao hawajui hata Taita iko upande gani. Nilimuuliza yule kijana nimshukuruje. Aliona haya, akasema, "Hapana, Mwalimu. Tulikuwa tumekaa bure tu."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo palinivunja. Kesho yake asubuhi upepo uligeuka. Ule upepo nilioomba. Ulivuma kutoka pale pale nilipoomba uvume, ukayasomba magugu yote ukayapeleka mbali, na ziwa likawa safi, jeupe, kama kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Owuor aliazima injini, na mimi nikarudi kijijini na mtoto wangu katika maji yaliyo wazi. Hatukukata hata jani moja. Nilitaka kutukana, Mama. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nakueleza wewe kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha kuomba, na sitaki udhani mwanao ni mtu wa imani asiyetikisika.

Katikati ya ziwa Owuor akaniuliza, bila mzaha, "Mwalimu, bado wewe utafanya hii kazi?"

"Sijui," nikasema.

"Mimi kama ni mimi ningeacha." Akaongeza, "Lakini usiache. Wewe ukiacha, sisi tutauliza nani?"

Nilikuwa nimefikiri tutamzika mtoto penye uwanja wa kanisa. Owuor akakataa. Akasema mtoto hazikwi kama mtu asiye na kwao. Alichimba nyuma ya nyumba yake mwenyewe, mahali wanapolala watu wake, na kasanduku akakatengeneza kwa mbao alizokuwa ameziweka za kuundia mtumbwi. Mimi sikuweza kuongoza ibada. Mama Penina aliongoza. Owuor alisimama karibu yangu, kofia mkononi, na watu waliposema amina niliisikia amina yake pia.

Mghoi alipotoka hospitali tulikaa Obunga kwa Mama Atieno, chumba kimoja, yeye na watoto wake wakalala chini, sisi kitandani. Kazi yake ni kukaanga mgongo wazi. Ni ile mifupa ya samaki inayobaki viwandani baada ya mnofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Watu wa hapa hununua mifupa na vichwa. Kila siku alimchemshia Mghoi vichwa supu nzito. Watu wengine walikuja kutufariji, wakasema Mungu alipenda ua lake akalichuma, wakasema kila jambo lina sababu, mpaka nikawa natoka nje nikiwaona wanakuja. Mama Atieno alisema, "Mimi maneno sijui. Mume wangu alipokufa niliambiwa maneno mengi, sikumbuki hata moja. Kunywa supu, mama." Mghoi akanywa. Nadhani ile supu ilihubiri kunizidi.

Tuliporudi kijijini, Jumapili ya kwanza kanisa lilijaa. Watu walitaka kusikia nitasema nini. Nilisimama mbele yao, nikafungua Biblia, nikaifunga. Nikasema, "Leo sina neno." Nikakaa. Nje tulisikia kuku.

Ndipo Mghoi akasimama, akaanza Sala ya Bwana peke yake. Alisema vizuri mpaka pale tunapomwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe. Akafika hapo akasimama. Alijaribu, midomo ikacheza, sauti ikakataa. Tulingoja. Mimi mumewe, mwinjilisti, nami sikuweza kulisema neno hilo. Basi nikasikia Mama Penina analisema, polepole, kwa Kiluo. Kisha wanawake wa upande wake. Kisha kanisa lote likalisema, kwa niaba yetu sisi wawili, huku sisi tumenyamaza. Walipomaliza wakangoja. Mghoi akavuta pumzi, akaingia pale tunapoomba riziki ya leo, nami nikaingia naye, tukaenda pamoja mpaka mwisho.

Hayo ndiyo mahubiri yaliyokuwepo.

Ni miezi sasa. Kila Jumapili tukifika mahali pale namsikiliza. Mara nyingine yupo, mara nyingine anapita kimya. Juzi nilimuuliza kama amemsamehe Mungu. Akaniambia, "Mimi simdai, Baba Wakesho. Nimechoka tu. Na yeye anajua nimechoka." Nimelifikiria sana jibu hilo. Zamani nilidhani kumtii Mungu kama Bwana ni kuwa na nguvu za kumsifu kila saa. Siku hizi naona kuna utii wa mtu aliyechoka, anayeamka tu, akatwanga, akachota maji, akampa mtoto uji, hakimbii nyumba ya Baba yake ingawa hana la kusema na Baba yake.

Na bado tunakula, Mama. Usihangaike. Magugu yamerudi, yakaenda, yakarudi tena, na kijiji kizima kina njaa. Lakini asubuhi nikifungua mlango nakuta viazi vitamu kwenye ungo, au dagaa wachache kwenye jani, au maziwa. Hawasemi nani ameleta. Wakati ule mashuani niliita mbingu zifunguke upepo uniokoe, na naamini hata leo kwamba angeweza. Kwa nini hakutaka saa ile, nitamuuliza uso kwa uso, wala sitaacha kumuuliza. Lakini wale wanaume waliokuwa ndani ya magugu, maji kifuani, sijui aliyewaamuru waingie ni nani mwingine kama si yeye.

Uliposikia habari za magugu uliandika kwamba turudi nyumbani, kwamba shamba lipo na nyumba ya Baba iko tupu. Asante, Mama. Nililia niliposoma. Wakubwa wangu wa kanisa nao wameniambia nikitaka uhamisho nitapewa. Niliongea na Mghoi nikidhani atafunga mizigo siku ile ile. Lakini akasema tukae kwanza. Anasema ana damu hapa sasa, na ana kaburi hapa, na kwamba mke wa Owuor humfagilia mtoto kila Jumamosi asubuhi kabla hajafagia uwanja wake mwenyewe. Kwa hiyo tutakaa. Kuja kukuona tutakuja, shule zikifungwa na Mungu akipenda, na Wakesho atakulia ndizi zote.

Nisalimie Wawuda, na asante kwa kusoma, dada; kama ulilia katikati, si kosa lako. Nisalimie mjomba aliyenipeleka stesheni ya Voi siku ile ya kwanza, umwambie bado navaa lile koti. Msalimie shangazi wa Mwatate, na mama mkwe wangu. Kwake Mghoi ataandika mwenyewe atakapoweza, mwambie asimlaumu. Msalimie mchungaji wetu mzee aliyenibatiza, aniombee upepo wowote atakaojaliwa. Owuor amesikia ninaandika, naye anasema nikwambie: mama ya Mwalimu ni mama yake. Juzi alikuja kanisani, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mama, jambo la mwisho. Jioni mkiomba, na mkifika mahali pa kuwataja waliotangulia, Baba na Babu na wale wengine, msimruke huyu. Hakukaa nasi hata pumzi moja, lakini ana jina. Tulimpa la Baba. Anaitwa Mwadime.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mwakio